Ala ya Ngozi na Bunduki ya Mvua

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwenye kiti chako cha kamba, miwani ikiwa puani na si mfukoni, na kifua kimekuacha upumue. Mke wangu Wakesho aliniambia kikohozi kimepungua na kwamba unakula ugali tena bila kubembelezwa. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Na magoti ya Mama yanasemaje? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyotuma asiigawe kwa majirani kabla hajajipaka yeye mwenyewe, maana namjua. Mimi huku ni mzima. Ni mzima kuliko nilivyokuwa miezi miwili iliyopita, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Najua utashangaa. Tunaongea kwa simu kila Jumatano na kila Jumapili, sasa barua ya nini? Baba, kuna maneno ambayo kwenye simu yananikwama. Kila tunapoongea, ukishaniuliza kama nimekula, unaniuliza, "Ala iko?" Nami najibu, "Iko, Baba." Unauliza tena, "Bunduki kavu?" Najibu, "Kavu." Kisha tunahamia kwenye habari ya mbuzi. Nimekujibu hivyo tangu masika yaanze, na kila mara nilikuwa nakudanganya. Basi leo naandika, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbilia habari ya mbuzi.

Kwanza usishtuke. Hakuna aliyekufa. Kazi bado ninayo. Wakesho anajua nusu ya mambo haya, kwa hiyo usimgombeze kwa kutokukwambia. Nilimwomba aninyamazie mpaka nipate ujasiri, na ujasiri umechelewa.

Unakumbuka siku nilipoletewa barua ya uhamisho, ya kuniondoa Tsavo kwenye vumbi letu na kunileta huku ziwani kwenye kikosi cha kuzuia wanyama wanaosumbua watu. Mama alilia kwa sababu ya umbali. Wewe uliingia stoo ukatoa ngozi ya yule fahali mwekundu, na kwa wiki mbili sikukuona bila sindano mkononi. Siku ya kuondoka ukanipa ala ya bunduki iliyoshonwa kwa uzi wa mara mbili, ndani umeiwekea manyoya ya kondoo ili mtutu usikwaruzwe. Ukaniambia maneno yale yale uliyoniambia nilipoanza kazi: bunduki ifute ikauke, mafuta usiipake ila kidogo sana, maana mafuta huvuta mchanga, na mchanga ndio unaoua bunduki.

Baba, maneno hayo ni ya kweli. Miaka yote uliyobeba bunduki kule Tsavo haikukuangusha hata siku moja. Mimi mwenyewe nimeiona bunduki yako ya zamani ikipita kwenye vumbi jekundu ambalo watu walifunga midomo kwa vitambaa, nayo ikafunguka bila shida. Kosa ni langu. Nilibeba hali ya hewa ya kwetu nikaja nayo ziwani, kama mtu anayevaa koti zito la baridi akishuka Mombasa.

Huku, Baba, chumvi inayeyuka ndani ya kopo lililofunikwa. Viberiti tunaviweka karibu na jiko, na bado unawasha vijiti vitano upate moto mmoja. Sare nikiifua Jumatatu, Alhamisi naivaa ikiwa bado na ubaridi wa maji kwapani. Viatu nilivyoviacha chini ya kitanda wiki moja nilivikuta vimeota ukungu mweupe, nikadhani panya wamemwaga unga. Mvua ya mchana ikishapita linatoka jua, na jua hilo halikaushi, linapika. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu. Kila kitu nyumbani mwangu kilikuwa kinaniambia, nami kila jioni nikaifuta bunduki kwa kitambaa kikavu, bila mafuta, nikaitia ndani ya manyoya ya kondoo nikafunga kifungo. Nilijiona askari hodari.

Dereva wetu anaitwa Otieno, mtu wa Katito, mcheshi kupita kiasi. Yeye aliliona kosa langu mapema. Siku moja aliigusa ala akanusa vidole vyake.

"Omera," akaniambia, ndivyo wanavyomwita rafiki huku, "hii ngozi iko poa sana ya kupiga picha. Lakini hapa kwetu ngozi inakunywa maji kama ng'ombe mwenyewe."

Nilimjibu kwa kiburi. Nilimwambia baba yangu alikuwa anabeba bunduki kabla yeye hajazaliwa. Otieno akacheka tu, akasema, "Sawa, Jataita. Mzee ni mzee." Jataita ni mtu wa Taita. Hilo ndilo jina langu huku, hata wauza mboga wanajua.

Sasa nifike penyewe. Huko chini ya Kombewa, ufukweni, kulikuwa na kiboko dume aliyefukuzwa na wenzake. Wenyeji humwita kiboko rao. Alikuwa amelala kwenye mafunjo karibu na njia ambayo akina mama huipita asubuhi kwenda kununua samaki wa kukaanga na kuuza. Alishavunja mtumbwi mmoja na kulala juu ya bustani mbili za sukuma wiki. Tulimfukuza mara tatu kwa kelele, akarudi mara tatu. Kisha akaanza kukimbiza watu mchana, na hapo ikatoka amri kwamba apigwe risasi kabla hajaua.

Tulifika asubuhi, mvua ikinyesha ile ndogo isiyokatika. Aliyekuwa ametupigia simu ni mjane mmoja anayeuza samaki, Mama Achieng', mwenye mojawapo ya zile bustani zilizolaliwa. Alikuwa amesimama njiani na karai la dagaa kichwani, ambao huku huitwa omena, akatuonyesha kwa mdomo.

"Iko hapo tu. Inapumua. Sikia."

Nilisikia. Nikafungua kifungo cha ala. Baba, bunduki ilitoka kwa shida, manyoya yalikuwa yameshikana nayo. Bolti, lile komeo la kuingizia risasi, niliivuta kwa nguvu za mkono mzima, ikalia kama mlango wa zizi. Pale pale ningepaswa kuacha, nirudi kwenye gari, niiangalie. Sikurudi. Nilijisemea ni baridi tu. Niliingiza risasi, nikasogea, na yule mnyama akatoka kwenye mafunjo akiwa amefungua mdomo, mbali nami kama kutoka barazani kwako hadi kwenye tangi la maji. Nililenga. Nilivuta.

Ikasema tik.

Siwezi kukueleza vile nilivyojisikia. Wewe unajua, na kama hujui namshukuru Mungu. Nilivuta bolti tena ikakataa kabisa. Otieno, ambaye hana bunduki na hakuwa na kazi ya kuwa pale, alinisukuma kwa bega nikaanguka kwenye matope, naye akaangukia mawe. Nilichokisikia baadaye ni kelele. Mama Achieng' alikuwa amemtupia kiboko karai zima la omena usoni, akaokota sufuria ya mtu na jiwe, akawa anaigonga na kupiga mayowe kwa Kijaluo. Kiboko alisimama, akageuza kichwa, akapita kati yetu kama lori lililokosa breki, akaingia majini.

Otieno alivunjika mkono. Tulimkimbiza hospitali ya Kombewa wakamfunga vizuri, na sasa ameshapona, anaendesha tena na bado anasimulia. Mama Achieng' aliniuliza jambo moja tu.

"Bwana askari, hiyo bunduki yako iko na malaria? Mimi nilisikia inasema tik, halafu inanyamaza."

Nilipoifungua kituoni, Baba, ndani ilikuwa nyekundu kama tofali. Ile pini ya kupiga risasi ilikuwa imeshikana na kutu. Mtutu kwa nje, pale manyoya yalipougusa, ulikuwa na alama za kutu zenye umbo la vishungi vya manyoya. Niliminya ala yako kwa chini yakatoka maji. Nilikaa nayo magotini nikalia kama mtoto. Nilimlilia Otieno na mkono wake, na nilikulilia wewe, kwa sababu niliona mishono yako yote imesimama imara, hakuna hata mmoja uliofumuka. Kazi yako ilikuwa nzuri. Mahali ndipo hapakuwa pake.

Mkuu wetu wa kituo ni mwanamke, Madam Jepkosgei, mtu wa maneno machache. Alinipokonya silaha, akataka maelezo kwa maandishi kabla ya saa kumi. Nilikuwa na maelezo mawili kichwani. Ya kwanza yalisema risasi ilikuwa mbovu, na yangeweza kupita. Ya pili yalikuwa ya kweli. Nilijua ya kweli yanaweza kunifukuzisha, na nikifukuzwa nitakuja kusimama mbele yako nikiwa mtu wa kwanza wa nyumba yetu kutolewa kazini kwa bunduki chafu. Niliandika ya kweli. Ila nilipofika kwenye ala niliandika "ala ya ngozi" tu. Sikuandika nani aliishona. Hilo nililiweka moyoni.

Alisoma mara mbili, mimi nimesimama wima.

"Wewe ni wa Tsavo," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Kule mnaogopa vumbi. Hapa nani alikufundisha kuogopa maji?"

"Hakuna, Madam."

Akaniambia kwamba bunduki za kituo zote zilichaguliwa na watu wanaokaa penye jua, kwamba makao makuu wamekubali kutuletea mpya, na kwamba lazima mtu aandike ni ipi inayofaa ziwani. "Wewe ndiye kutu imekutafuna. Wewe ndiye utanichagulia. Ukikosea hii pia, utarudi kwenu ukachunge mbuzi." Nadhani alikuwa anatania kidogo, lakini sikuona meno.

Kwa hiyo, Baba, mwanao alipewa kazi ya kuchagua bunduki, na kazi yake mwenyewe ikaning'inia hapo hapo.

Wakatuletea tatu kutoka Nairobi. Zote ni za ukubwa mmoja, zile nzito za wanyama wakubwa. Ya kwanza ungeipenda. Chuma cheusi chenye mng'ao wa buluu kikipigwa na jua, kitako cha mti wa kahawia wenye mistari kama mkeka. Nilipoishika moyo wangu ulikwenda nyumbani, kwa sababu ilifanana na yako ile uliyoishika kwenye picha ya ukutani. Ya pili ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, imesuguliwa inang'aa kama kijiko cha harusi, lakini kitako chake pia cha mti. Ya tatu ilikuwa ya chuma hicho hicho kisichoshika kutu, ila kimefifishwa kikawa kijivu kisichorudisha mwanga, na kitako chake ni cha plastiki nyeusi ngumu. Baba, ilikuwa na sura mbaya. Ilifanana na mpini wa kitu cha kufanyia kazi jikoni. Nakukumbuka ulivyokuwa unasema bunduki isiyo na mti ni ya majambazi. Siku ya kwanza, kama ningeulizwa pale pale, ningechagua ile ya kwanza, na ningekuwa nakuchagulia wewe, si ziwa.

Bahati nzuri nilikuwa na deni la radhi kwa Mama Achieng', nikaenda. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, anapasua samaki aitwaye ngege. Nilimwomba msamaha kwa yale yaliyotokea na kwa omena wake waliopotea. Akasema rao amekula sawa tu, labda amepata haya. Kisha akaniuliza kazi yangu imefikia wapi, nikamweleza habari za bunduki tatu, na jinsi ile nzuri ilivyo nzuri.

Aliacha kupasua samaki. Akaniinulia kisu.

"Jataita, angalia. Hii kisu ni ya stenlesi. Zamani nilikuwa na ya chuma ya kawaida, kisu ya mama mkwe, inakata vizuri sana, mpini ya mti safi. Kila asubuhi ni kusugua na mchanga. Samaki ikawa inanuka kutu, wateja wanakataa. Na mti ya mpini ikinywa maji inafura, kisu inacheza, siku moja ikanikata hapa." Akanionyesha kovu kwenye kidole gumba. "Nilimpenda mama mkwe, yaye, lakini kisu yake niliweka ndani ya nyumba. Hapa nje nafanya kazi na hii. Wewe zunguka hii soko yote, uone mama gani ako na kisu ya kutu."

Nilizunguka, Baba. Ni kweli. Meza zote kulikuwa na visu vyeupe, na vingi vilikuwa na mipini ya plastiki. Wanawake wale walijua jambo ambalo idara nzima ilikuwa haijalijua, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Lakini sikutaka kwenda kwa Madam na hadithi ya kisu peke yake. Nikaomba ruhusa ya kuzijaribu. Tulizilowesha zote tatu kwa maji ya ziwa, tukazifungia kwenye chumba cha silaha siku tatu bila kuzifuta. Na hapa, Baba, soma polepole, kwa sababu hapa ndipo ulipoingia wewe. Nilikumbuka ujanja wako wa karatasi. Ulinifundisha nikiwa sijaota ndevu: chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na mti kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikipita bila kugusa, mti hausukumi mtutu. Kikikwama, mti umevimba, na risasi itakwenda unakotaka mti, si unakotaka wewe.

Kabla ya kuzilowesha karatasi ilipita kwenye zote tatu. Siku ya tatu tulipofungua, ile nzuri nyeusi ilikuwa imeota madoa mekundu kwenye mdomo wa mtutu na kuzunguka bolti, na karatasi ilikwama mwanzoni tu. Ile inayong'aa haikuwa na kutu, Madam akaanza kuitikia kwa kichwa. Nikapitisha karatasi. Ikakwama katikati. Mti ulikuwa umekunywa. Kwenye ile yenye sura mbaya karatasi ilipita kama siku ya kwanza, nikairudia mara tatu Madam akitazama. Aliniuliza nani alinifundisha hayo.

"Baba yangu," nikasema.

Nilichagua ile ya kijivu. Niliandika pia kwamba isije na darubini, kwa sababu kioo kinaingia ukungu kwenye mvua na kiboko hampi mtu nafasi ya kufuta kioo. Shabaha ya chuma, ile alama ya kulengea juu ya mtutu, inatosha. Niliandika kwamba chuma hicho nacho si muujiza. Kinashika kutu polepole, na pini na springi za ndani ni za chuma cha kawaida. Tena hata kwenye ile ya kijivu tulikuta skrubu moja ndogo imeota doa jekundu. Kwa hiyo huku tunapaka mafuta kila jioni, nje na ndani, utando mwembamba. Usinikasirikie. Huku hakuna vumbi la kuvuta.

Madam alisaini, akanirudishia ruhusa ya silaha. Hakunipongeza. Alisema tu, "Tutaona mvua ikinyesha."

Ikanyesha. Wiki mbili zilizopita yule dume alirudi, tena mchana, akawafungia akina mama watatu ndani ya kibanda cha kukaushia samaki, anazunguka nje. Mvua ilikuwa kubwa hata sauti ya mtu aliye kando yako huisikii. Otieno aliniendesha na mkono wake uliopona juzi. Nilikuwa naogopa, Baba, nakwambia bila aibu. Njia nzima nilikuwa nasikia tik kichwani. Nilishuka, maji yanatiririka kwenye kofia yangu hadi kwenye bolti, nikaivuta. Ilikuja kama droo ya meza mpya. Nikairudisha. Nikangoja ageuze ubavu kama ulivyonifundisha, nikavuta, na bunduki ikaongea.

Alianguka pale pale. Risasi moja.

Niliketi chini kwenye maji. Otieno akaja akaketi nami, wote wawili kwenye tope kama watoto, anacheka na kulia na kusema, "Omera, imekubali! Imekubali!" Akina mama walitoka kibandani wakaanza kuimba. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa pale na mapanga na mabeseni ya nyama, na Mama Achieng' akiwapanga watu foleni kwa kisu chake cheupe. Usiku ule nililala bila kuota. Tangu siku ya tik nilikuwa sijalala hivyo. Baba, sikujua nimebeba mzigo mkubwa namna ile mpaka nilipoutua.

Mzigo uliobaki ni huu wa kwako, nao ndio nautua sasa. Ala yako haifai huku. Nimeiosha, nimeikausha, nimeipaka mafuta ya ngozi, nimeitundika ukutani juu ya jiko, na kila wiki inaota ukungu nami naufuta. Sikuitupa na sitaitupa. Desemba nakuja nayo nyumbani. Itatundikwa kwenye msumari wake kando ya picha yako, kwenye hewa yetu kavu, na itadumu kunishinda mimi. Mama Achieng' alinifundisha hilo, kwamba kitu cha mtu unayempenda unaweza kukitunza ndani bila kukipeleka kazini.

Anakusalimia sana, tena. Alisema nimwambie mzee wangu kwamba amelea mtoto anayejua kuanguka kwenye matope. Otieno naye anakuamkia, anaomba radhi kwa maneno yake juu ya ngozi. Nisalimie Mama na magoti yake. Msalimie Wakesho mke wangu, mwambie barua yake iko kwenye bahasha ndogo na asiisome mbele yenu. Dada yangu Mkamburi na mumewe fundi baiskeli nao wasalimie, na mwalimu wa kwaya ambaye najua atakuja kusikiliza barua ikisomwa. Watoto waambie baba yao yuko sawa.

Jambo la mwisho. Ndani ya bahasha utakuta uzi wa kuvulia, ule wa plastiki usiooza. Usidhani umeingia kwa bahati mbaya. Urefu wake ndio urefu wa bunduki mpya kutoka mdomo hadi kitako. Fundo la kwanza ni shabaha ya mbele, la pili ni mahali mtutu unapoanza kunenepa, la tatu ni bolti, na hapo uache nafasi ya mkono. Kwa fundi wa viatu pale Mwatate kuna turubai lile zito la kijani la malori. Lishone liwe ala mpya, Baba. Usiweke manyoya. Chini uache tundu maji yatoke. Wakesho anasema siku hizi unakaa mikono juu ya magoti, unasema macho hayaoni sindano. Shona polepole, mishono ikipinda haidhuru. Askari wenzangu wanne wameshaniuliza nani atawashonea zao, nikawaambia wangoje waione ya kwangu kwanza.

Nataka siku ile utakaponipigia na kuniuliza, "Ala iko?" nikujibu, "Iko, Baba," na iwe kweli.

Mwanao anayekupenda,
Mwakio